Thawabu ya Mtoaji, Hesabu ya Msimamizi

Swali la iwapo wema hupimwa kwa nia ya anayeutenda au kwa hali ya anayetendewa ni la kale, na kila dini imelijibu kwa namna yake. Lililo jipya ni kwamba katika miongo mitatu iliyopita wamejitokeza watu wanaolitafutia jibu kwa takwimu. Watafiti wa uchumi na wa mashirika ya hisani huuliza ni msaada upi uliobadilisha maisha ya waliokusudiwa, kwa gharama gani, na kama mabadiliko hayo yangetokea hata bila msaada wenyewe. Katika kisiwa cha Mombasa, ambako misikiti, visima, makaburi na nyumba kadhaa za Mji wa Kale husimama juu ya mali iliyotolewa kwa ajili ya Mungu, maswali hayo husikika kwa masikio mawili. Sikio moja huyasikia kama utovu wa adabu, kwa kuwa aliyetoa amekwisha kutoa na malipo yake hayako kwa binadamu. Jingine huyasikia kama maswali ambayo wanazuoni wa sheria ya Kiislamu wamekuwa wakiyauliza muda wote, ila kwa maneno mengine na, jambo ambalo ndilo kiini cha makala haya, kwa kumwelekezea mtu mwingine.

Wakfu ni kuizuia mali yenye kudumu, kama shamba, nyumba au kisima, isiuzwe, isitolewe zawadi wala isirithiwe, ili manufaa yake yaende kwenye njia ya kheri aliyoitaja mwenye mali. Asili yake katika mapokezi ya Kiislamu ni ardhi ya Khaybar aliyoipata Umar bin Khattab, ambaye alipomwendea Mtume kumtaka shauri aliambiwa kwamba akipenda aizuie ardhi yenyewe na ayatoe sadaka mazao yake. Hadithi nyingine, iliyopokewa na Imamu Muslim na inayojulikana kwa kila mtoto aliyepita chuoni, inaeleza kuwa amali za binadamu hukatika anapokufa isipokuwa kwa njia tatu, na ya kwanza ni sadaka jaria, yaani sadaka yenye kutiririka, ambayo wanazuoni wengi wameifasiri kuwa ndiyo wakfu. Neno hilo la kutiririka halikuwekwa kwa pambo. Shilingi anayopewa maskini mlangoni mwa msikiti siku ya Ijumaa hukamilika kuwa sadaka pale pale inapotoka mkononi, lakini sadaka jaria hutegemea kwamba kesho, na miaka mia baada ya kesho, kitu kilichotolewa kitakuwa bado kinafanya kazi. Kisima kikifukiwa na takataka, huwa kinatiririka nini? Nia ya marehemu haikuharibika na thawabu ya kutoa kwake haipungui, ila mfereji uliokuwa ukimletea ziada umezibwa, na aliyeuziba si yeye. Kwa hesabu hiyo uzembe katika wakfu huwadhulumu watu wa aina mbili kwa mpigo mmoja: walio hai wanaokosa maji, na aliye kaburini anayekosa sehemu yake.

Kufahamu jinsi uzembe huo unavyotokea kunahitaji kutazama ukuta. Nyumba za kale za Kibokoni, Kuze na kando ya Ndia Kuu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, na dari zake zimelazwa juu ya boriti za mikoko ambazo urefu wake, usiozidi sana mita tatu, ndio ulioamua upana wa vyumba vya Waswahili tangu zamani. Nyumba ya namna hiyo ikitunzwa huishi karne nyingi. Ikipakwa saruji badala ya chokaa, unyevu hukwama ndani ya ukuta, chumvi hububujika na kuibandua plasta, na maji yakifika kwenye kichwa cha boriti, pale inapoingia ukutani, boriti huoza kwa ndani huku mpangaji akiiona nzima. Hakuna dari inayolia siku ya kwanza. Sasa ikichukuliwa kwamba nyumba hiyo ni wakfu, na kwamba kodi yake imewekewa sharti la kumlipa mwadhini na kununulia mafuta ya taa za msikiti (sharti la zamani ambalo leo husomwa kuwa ni bili ya umeme), msimamizi ana njia mbili za kuitumia kodi ya mwezi. Anaweza kuipeleka yote msikitini, akasifiwa kwa uaminifu, na baada ya miaka thelathini akabaki na kifusi; au anaweza kuzuia sehemu yake kwa ajili ya chokaa na boriti, akalaumiwa kwamba mali ya Mungu inaishia kwa mafundi.

Sheria ya Kiislamu haikumwacha njia panda. Matengenezo ya mali ya wakfu, yanayoitwa imara, hutangulizwa mbele ya mgao wa walengwa, kwa hoja iliyo nyepesi kueleweka kwamba mgao hutoka kwenye mali na mali isiyotunzwa haina mgao. Inashangaza kidogo kwamba fikra hiyo, ambayo mwanafunzi wa fiqhi huipita kama jambo lililo wazi, ilipotokea katika utafiti wa mashirika ya hisani ya Marekani ilionekana kuwa ugunduzi. Mwaka 2009 Ann Goggins Gregory na Don Howard waliandika juu ya kile walichokiita mzunguko wa njaa: wafadhili hutaka kuona senti karibu zote zikienda kwa wahitaji, mashirika hushindana kuonyesha kwamba gharama zao za uendeshaji ni ndogo, yaani kodi ya ofisi, uhasibu, mafunzo na vifaa, na kwa kushindana huko hujinyima mpaka yanashindwa kuifanya kazi yenyewe, huku wafadhili wakizidi kuamini kwamba kazi inaweza kufanywa kwa kiasi hicho kidogo. Miaka minne baadaye, taasisi tatu za Marekani zinazowapa watoaji habari kuhusu mashirika ya hisani ziliwaandikia watoaji barua ya wazi kuwasihi waache kulipima shirika kwa asilimia ya gharama za uendeshaji pekee. Barua hiyo ingesomwa Mji wa Kale na mtu aliyewahi kuona dari ya jirani ikianguka, asingehitaji kusoma zaidi ya aya ya kwanza.

Hata hivyo ufanano huu usichukuliwe kwa haraka, maana kuna tofauti moja kubwa ambayo wingi wa maandishi ya leo juu ya utoaji wenye tija huiruka. Watafiti na wanafalsafa wa sasa humwelekea mtoaji. Peter Singer, katika makala yake mashuhuri ya 1972 kuhusu njaa na utajiri, aliuliza mtu mwenye uwezo anawajibika kutoa kiasi gani, na wafuasi wa fikra zake wakaendelea kuuliza atoe wapi ili kila shilingi yake iokoe kiasi kikubwa zaidi cha maisha. Mtoaji bora, kwa picha hiyo, ni mfano wa mwekezaji mwerevu anayesoma ripoti kabla ya kufungua mkoba. Fiqhi ya wakfu humwelekea mtu mwingine kabisa, yule anayekabidhiwa. Waarabu humwita nadhir, jina ambalo kwa masikio ya Kiswahili huchanganyika na nadhiri ya mtu kumwahidi Mungu, na kwa hiyo afadhali atumike mutawali au, kwa neno lililo wazi, msimamizi. Imamu Nawawi, mwanachuoni wa Sham aliyefariki 1277, ambaye kitabu chake Minhaj kimekuwa kwa muda mrefu miongoni mwa vitegemewa vya makadhi wa pwani ya Afrika Mashariki wanaofuata madhehebu ya Shafi, anamtaka msimamizi awe na uadilifu, awe na uwezo unaotosha kazi, na awe anajua namna ya kuendesha mambo. Kisha anazitaja kazi zake kuwa ni kupangisha, kutengeneza, kukusanya mapato na kuyagawa. Uadilifu peke yake haukumtosha Nawawi. Mcha Mungu asiyejua kusoma mkataba wa upangaji hafai, kama vile mjuzi wa mikataba asiyeogopa Mungu hafai.

Kwa hiyo mzigo wa kuuliza kama kazi imefanya kazi umetuliwa mabegani mwa msimamizi, na mtoaji ameachiwa kile ambacho hakuna mtafiti anayeweza kukipima, yaani ikhlasi, kutoa kwa ajili ya Mungu bila ya kutaka kuonekana. Kiswahili chenyewe kimeweka mgawanyo huo katika methali mbili ambazo zikisomwa pamoja huonekana kugombana. Tenda wema nenda zako, inasema moja. Mali bila daftari huisha bila habari, inasema nyingine. Ya kwanza ikichukuliwa kuwa ni ushauri kwa kila mtu, ufuatiliaji na tathmini yote ni kazi bure, na ya pili ikichukuliwa hivyo hivyo, hakuna wema unaoweza kuachwa uende bila stakabadhi. Ugomvi huisha pale inapotambuliwa kwamba methali hizo zina wasikilizaji wawili. Ya kwanza imesemwa kwa aliyetoa, ambaye akingoja shukrani, ripoti na picha hujipunguzia mwenyewe. Ya pili imesemwa kwa aliyepokea dhamana, ambaye akienda zake bila daftari amekwenda na mali ya watu.

Makosa ya zama hizi, ya mfadhili mgeni na ya mwenyeji pia, yanaweza kusomwa kuwa ni makosa ya kuzibadilishia methali hizo wasikilizaji. Mfadhili wa mbali huwa mtoaji anayetaka pia kuwa msimamizi: huweka masharti, huchagua viashiria, hudai ripoti kila robo mwaka, na mtu wa mtaani aliyekabidhiwa kazi huishia kuwa karani wa fomu asiye na mamlaka ya kubadili lolote hata anapoona kwamba mpango hauendi. Mwenyeji naye hufanya kinyume chake, kwa kulitandaza joho la nia njema ya mtoaji juu ya mabega ya msimamizi, mpaka kumuuliza msimamizi hesabu kunaonekana kama kuitilia shaka dini yake. Fulani anafanya kwa ajili ya Mungu, husemwa, kwa nini asumbuliwe? Jibu la fiqhi kwa hoja hiyo ni kali kuliko inavyodhaniwa: mkono wa msimamizi ni mkono wa amana, ambao haulipishwi hasara iliyokuja bila kosa lake, lakini hulipishwa pale penye taksiri, yaani uzembe au kuvuka mipaka, na hakuna anayeweza kujua kama pana taksiri au hapana mpaka hesabu iulizwe.

Utafiti wa majaribio unaingia hapa kama msaidizi wa msimamizi, na ndipo unapostahili heshima yake. Kenya ni miongoni mwa nchi ambako aina hiyo ya utafiti ilikulia, ingawa mbali na pwani. Katika wilaya ya Busia, upande wa magharibi, Michael Kremer na wenzake walianza katika miaka ya 1990 kupima misaada ya shule kwa njia ambayo shule huchaguliwa kwa mfano wa kura, baadhi zikapata msaada mwanzo na nyingine baadaye, ili tofauti itakayoonekana baina ya makundi hayo isiwe imetokana na jambo jingine. Mwaka 2019 Kremer, Abhijit Banerjee na Esther Duflo walipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi kwa kazi za namna hiyo. Moja ya matokeo ya Busia, iliyochapishwa 2009 na Kremer pamoja na Paul Glewwe na Sylvie Moulin, ilihusu jambo ambalo hakuna mtu mwema angelitilia shaka: kuzipa shule maskini vitabu vya kiada. Vitabu vilifika, vilikuwa halali kwa mtaala wa Serikali, na wastani wa alama za watoto haukupanda. Waliofaidika ni wale waliokuwa tayari wa mbele darasani, na sababu moja waliyoieleza watafiti ni kwamba vitabu viliandikwa kwa Kiingereza, ambacho kwa wengi wa watoto hao kilikuwa lugha ya tatu.

Mtoaji wa vitabu vile hakukosea mbele ya Mungu. Aliyekuwa na deni ni yule aliyekuwa na nafasi ya kuingia darasani, kumsikiliza mtoto wa safu ya nyuma akihangaika na ukurasa, na kurudi na habari. Mfano huu una uzito wa pekee kwa msomaji wa pwani, ambako mtoto husoma Kiarabu chuoni na Kiingereza skuli huku lugha anayoota nayo ikiwa Kimvita. Msahafu hupewa mtoto pamoja na mwalimu, na hakuna aliyewahi kudhani kwamba kuugawa tu kutamfanya asome. Utafiti mwingine wa Busia, wa dawa za minyoo katika shule 75, uliochapishwa na Edward Miguel na Kremer 2004, ulionyesha utoro ukipungua kwa kiasi cha robo, na faida ikavuka mpaka kwa watoto wasiomeza dawa kwa sababu maambukizi yalipungua kwa wote. Hesabu zake zilirudiwa na kubishaniwa vikali 2015, na mabishano hayo yenyewe yana faida, maana daftari lisilofunguliwa kwa wengine kulikagua ni nusu ya daftari. Jessica Cohen na Pascaline Dupas, mwaka 2010, walitoa matokeo kuhusu vyandarua katika kliniki za wajawazito za magharibi mwa Kenya ambayo yangewafurahisha waungaji mkono wa sadaka: waliopewa bure hawakuwa wazembe katika kukitumia chandarua kuliko walionunua, na bei ndogo tu iliwafukuza wengi waliokihitaji. Dhana kwamba cha bure hakithaminiwi, ambayo husemwa sana na walioshiba, haikupata ushahidi pale.

Linabaki swali gumu zaidi, la kama msimamizi akigundua kwamba sharti la mtoaji halifai tena ana ruhusa ya kulibadili. Kanuni inayorudiwa na wanazuoni ni kwamba sharti la mwenye kuweka wakfu lina nguvu mfano wa andiko la sheria. Ibn Taymiyya wa madhehebu ya Hanbali aliufasiri mfano huo kwa namna ya kuupunguza makali, kwamba sharti hufahamiwa kama andiko linavyofahamiwa, bila ya kuwa wajibu kulitekeleza hata pale lisipokuwa na maslahi; Mahanafi nao waliruhusu kwa masharti kuibadilisha mali ya wakfu kwa nyingine yenye manufaa zaidi. Mashafi, ambao ndio wengi wa pwani, walibana zaidi. Nawawi anakubali, katika kauli iliyo sahihi zaidi kwake, kwamba mikeka ya msikiti iliyochakaa na maboriti yaliyovunjika yasiyofaa ila kuchomwa yanaweza kuuzwa, lakini msikiti ulioanguka na kushindikana kujengwa upya hauuzwi kwa hali yoyote. Kuna busara iliyofichika katika tofauti hiyo ya mkeka na msikiti, nayo ni kwamba kinachochakaa kwa kutumiwa kimeruhusiwa kwenda na wakati, na mahali penyewe pamezuiliwa ili tamaa ya kizazi kimoja, ambayo daima huja ikijiita maslahi, isiwapore wanaofuata. Katika kisiwa chenye ardhi ndogo na bei kubwa, busara hiyo haihitaji utetezi mrefu. Gharama yake ni kwamba wapo wasimamizi wanaokaa juu ya kiwanja kisichozalisha kitu, na wanajihisi watiifu.

Ni vigumu kuzungumzia jambo hili Mombasa bila ya kugusa dola. Waingereza waliunda Kamisheni ya Wakfu Zanzibar 1905, na Kenya kamisheni yake, yenye makao Mombasa, ilikuja kuongozwa na sheria ya 1951. Mahakama za Kiingereza zilikuwa na kipimo chao cha hisani, nacho kilikuwa kipimo cha ufikaji kwa wageni: mali iliyowekwa wakfu kwa watoto na wajukuu, na kwa maskini baada ya kizazi kutoweka, haikuwa hisani machoni mwao, kwa kuwa fungu la maskini liliwekwa mbali mno. Baraza la rufaa la London lilikuwa limeamua hivyo katika kesi ya India mwaka 1894, na ingawa India ilitunga sheria ya kuutengua uamuzi huo 1913, msimamo ule ule ulitumiwa katika rufaa iliyotoka Kenya, iliyomo katika ripoti za kesi za 1952. Sheria ya 1951 iliutambua wakfu wa familia, mradi mwisho wake uwe ni wa maskini au wa njia nyingine ya kudumu ya kheri. Chini ya ubishi huo wa kisheria palikuwa na ubishi wa falsafa ambao haujaisha: je, ndugu anahesabika kuwa mhitaji? Kwa mafundisho ya Kiislamu kumpa jamaa maskini ni sadaka na ni kuunga udugu pia, na wafuasi wa Shafi hushikilia kwamba zaka isihamishwe kutoka mji ilikotolewa maadamu wapo humo wanaoistahiki. Kwa Singer, umbali hauna uzito wa kimaadili, na mtoto wa nchi ya mbali ana haki sawa na wa mlango wa pili.

Hoja ya Singer ni ya nguvu, na majibu mengi yanayotolewa dhidi yake ni visingizio. Lakini kanuni ya Mashafi ina faida moja ambayo kipimo chake hakiioni, inayohusu tena msimamizi kuliko mtoaji: anayegawa mtaani kwake anajua nani ni mjane kweli na nani ana mtoto Muscat anayemtumia fedha, na wale anaowagawia wanajua nyumba yake ilipo. Ujuzi na uwajibikaji huo hupotea kwa kila bahari inayovukwa, na sehemu kubwa ya gharama za utafiti wa leo ni gharama za kununua upya kile ambacho jirani alikuwa nacho bure. Jirani naye, ni lazima kukiri, ana upofu wake. Anawaona wa ukoo na wa msikiti wake, na mara nyingi hamwoni mpangaji aliyehamia juzi kutoka bara, anayelala ghorofa ile ile.

Kuhusu wanaojitolea, neno la Kiswahili lina ukweli ambao huenda haukukusudiwa, kwa sababu anayejitolea hujitoa mwenyewe, na aliyejitoa hana mshahara ambao bosi anaweza kuukata. Wachimba kaburi, waosha maiti, vijana wa kugawa futari na daku mwezi wa Ramadhani, wote hawa hufanya kazi ambayo Mji wa Kale usingeweza kuinunua. Hata hivyo Kurani, katika sura ya Tauba aya ya 60, inapotaja mafungu manane ya wanaostahiki zaka, fungu moja imewapa wanaoitumikia zaka yenyewe, wakusanyaji na wagawaji. Kwa Mashafi mafungu hayo hugawiwa sawasawa, kwa hiyo sehemu ya watumishi ni thumuni, asilimia 12.5, na wanachopewa ni ujira wa kazi yao. Kitabu kilichofundisha ikhlasi ndicho kilichowawekea watumishi bajeti. Serikali ya Kenya ilichukua muda kufika hapo: wahudumu wa afya ya jamii walitembea nyumba hadi nyumba kwa miaka mingi bila malipo ya uhakika, na ni Septemba 2023 tu ambapo wapatao 100,000 walizinduliwa rasmi nchini wakiwa na mikoba ya vifaa na posho ya mwezi.

Utafiti unaofikirisha zaidi katika jambo hili ulifanywa Lusaka na Nava Ashraf, Oriana Bandiera na Kelsey Jack, ukachapishwa 2014. Wasusi waliombwa kuuza mipira ya kinga katika saluni zao, wengine kwa ahadi ya fedha na wengine kwa nyota zilizobandikwa kwenye ubao ukutani kila walipouza, ambapo wateja waliziona. Wa nyota waliuza takriban mara mbili ya wengine. Mtafiti husoma hapo kwamba heshima mbele ya watu ni motisha yenye nguvu kuliko malipo madogo; msomaji wa mwanachuoni Ghazali husoma hapo hapo hatari ya riya, kutenda ili kuonekana, ambayo huila amali kama moto unavyokula kuni. Wote wawili wako sawa, jambo linalodhihirisha kwamba thawabu na faida si kitu kimoja: mteja wa Lusaka amekingwa hata kama msusi alitaka nyota tu, na msimamizi anayejali wateja ataubandika ubao, huku msusi akibaki na kazi ya moyo wake ambayo hakuna anayeweza kumfanyia. Kurani yenyewe haikuikataza sadaka ya dhahiri. Imeisifu, kisha ikaitaja ya siri kuwa bora kwa mtoaji.

Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa Mombasa 1891 na kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya kuanzia 1937, alikuwa miongoni mwa wa mwanzo kulisema hadharani suala la matumizi ya mali ya Waislamu wa mji huu, katika gazeti lake Al-Islah alilolianzisha 1932, ambamo aliwahimiza watu wake waigeukie elimu na kuwakemea kwa israfu. Miaka michache baada ya kufa kwake 1947, Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa ilianza kupokea wanafunzi wa ufundi, kwa michango ya Sultani wa Zanzibar, Aga Khan, Mabohora na Serikali ya kikoloni. Ilikusudiwa Waislamu wa Afrika Mashariki. Baada ya uhuru milango yake ilifunguliwa kwa wote, ikawa politekniki, na tangu 2013 ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Wapo wanaolitaja jambo hilo kwa uchungu, kama amana iliyoponyoka, na uchungu wao una haki ya kusikilizwa kwa sababu waliotoa walitaja walengwa wao kwa jina. Wapo pia wanaouliza kama karakana iliyojaa wanafunzi wa kila dini inamletea mtoaji thawabu ndogo kuliko karakana yenye nafasi tupu. Shule ya Allidina Visram, iliyofunguliwa 1923 kwa mchango wa mwana wa tajiri huyo kumkumbuka baba yake, imepita njia inayokaribiana na hiyo kwa ubishi mdogo zaidi, pengine kwa sababu jina limebaki juu ya lango.

Baadhi ya misikiti siku hizi hubandika karatasi ya hesabu mlangoni, karibu na rafu ya viatu. Upande mmoja huandikwa makusanyo ya Ijumaa na kodi za nyumba za wakfu. Upande wa pili huandikwa umeme, maji, posho ya mwadhini, sabuni, fundi wa bomba. Watu husimama wakivaa viatu, huisoma kwa nukta chache, wengine huipiga picha kwa simu. Ni daftari halisi, na kuwepo kwake tayari ni jibu kwa wale waliosema kwamba kuuliza ni kukosa adabu. Kinachoonekana kwa nadra katika karatasi za namna hiyo ni mstari wa fedha zilizowekwa kwa ajili ya boriti ambazo bado hazijafikiwa na maji.